Jengo Lililozibwa Pua

Hakuna mtu pale chuoni aliyemfikia Mama Kioo kwa kung'arisha sakafu. Jina lenyewe alipewa na wanafunzi, waliodai kwamba ukipita kwenye korido zake asubuhi huhitaji kwenda msalani kujitazama. Inama tu, utajiona mpaka meno. Aliingia kazini akiwa msichana, akashika ufagio, akashika tambara, na mwisho akawa msimamizi wa wahudumu wote wa usafi wa upande ule. Kwa hiyo lilipokamilika jengo jipya, lile ambalo wakubwa walikuwa wakimtembeza kila mgeni kulitazama, hakuna aliyeuliza nani atakabidhiwa kulitunza.

Lilikuwa jengo la namna yake. Kuta zake zilikuwa nene, za matofali ya udongo ulioshindiliwa. Paa lilikinga mvua na kupeleka maji kwenye tangi lililofukiwa chini ya bustani. Upande mmoja ukuta ulikuwa umepindishwa kama mgongo wa mtu aliyemkwepa mwenzake njiani, kwa sababu palikuwa na mkuyu mkongwe na aliyelichora jengo alikataa usikatwe. Na ndani, kwenye madarasa na maofisi yote, hapakuwa na kiyoyozi hata kimoja. Wanafunzi wakaliita Jengo la Upepo.

Aliyelichora alikuwa mwalimu wa usanifu wa majengo wa pale pale chuoni, mwanamke kijana, mwembamba, mwenye mazoea ya kuvua viatu akianza kufikiri. Kabla jengo halijafunguliwa aliwakusanya wahudumu wa usafi ukumbini ili awaeleze.

"Jengo hili linapumua," alisema. "Tazameni hapa chini, karibu na sakafu. Haya matundu yenye papi za mbao ndiyo pua zake. Hewa ya baridi inatoka kivulini, kule kwenye miti, inaingia hapa. Ikipata joto inapanda kwenye lile bomba kubwa la katikati na kutokea juu ya paa. Kwa hiyo nawaombeni sana, msiweke kabati wala sanduku mbele ya matundu."

Mama Kioo alikuwa amekaa nyuma akitazama sakafu, akiwaza dawa ya kung'arishia itakayokubali saruji ya rangi ile. Neno "pua" ndilo lililomfikia. Akamwinamia jirani yake.

"Nyumba ina pua! Basi shoga, kazi ipo. Tutaipangusa mpaka makamasi."

Safu nzima ya nyuma ikaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, ingawa hakusikia kilichosemwa, akacheka kwa kuwa aliona watu wamefurahi.

Mama Kioo alilipenda jengo lile kwa muda mfupi sana. Ardhi ya bustani ilikuwa imekanyagwa na malori ya ujenzi hadi ikabaki unga mtupu, na upepo ulipovuma uliuchota unga ule na kuupitisha kwenye papi za mbao kama mtu anayechekecha. Alipiga deki asubuhi, kufika adhuhuri angeweza kuandika jina lake sakafuni kwa kidole. Akaenda kumlalamikia mtunza bustani, mtu wa utani mwingi ambaye chuo kizima kilimwita Kocha, maana aliizungumzia miti yake kama wachezaji.

"Kocha, vumbi lako limenishinda."

"Si langu, ni la timu. Vijana bado wadogo." Alikuwa amechuchumaa akipanda vichaka mstari mmoja mbele ya matundu. "Ngoja mvua zinyeshe, hivi vichaka vishikane na nyasi zifunike. Vumbi lote litakomea hapa. Hata yule mwalimu kachora hivyo. Kazi ya nusu jengo iko huku nje, Mama Kioo. Wewe vumilia tu."

Pengine angevumilia. Lakini siku moja profesa mmoja wa historia, mzee mtanashati ambaye miaka yote alikuwa mtu wake wa kumsifia, alipita na wageni wa idara. Alisimama kwenye meza ya mapokezi, akapitisha kidole juu ya mbao, akakiinua kila mtu akione.

"Mama Kioo! Siku hizi kioo kimeingia ukungu?"

Wageni wakacheka, kicheko cha adabu tu kisicho na ubaya. Profesa mwenyewe alikwisha kusahau kabla hajafika mlangoni. Mama Kioo alibaki na ndoo mkononi, masikio yamemwaka moto. Tangu aajiriwe hakuwahi kuonyeshwa kidole chenye vumbi.

Likizo ilipofika na chuo kikawa kitupu, alikwenda kwenye stoo ya mabweni yalikotupwa magodoro machakavu. Akayachana, akatoa sponji. Akazikata kwa kisu cha jikoni, kila kipande kwa kipimo cha tundu lake, akazivisha kitambaa cheusi alichokishona mwenyewe kwa mkono ili nyuma ya papi paonekane giza lile lile. Akazisukuma ndani moja moja, chumba kwa chumba. Ilikuwa kazi safi. Hata fundi angeisifia. Alipomaliza alipiga deki, akangoja, akapitisha kidole. Kidole kilitoka kama kilivyoingia.

Chuo kilipofunguliwa profesa alipita tena, akagusa meza, akamkonyezea jicho. "Umerudi, Mama Kioo." Mama Kioo alitembea siku ile nzima kama aliyevishwa shela.

Kisha likaja joto. Mwezi ule kulikuwa hakuna wingu, na Jengo la Upepo likageuka tanuri. Wanafunzi walitoka darasani mashati yamewaganda mgongoni. Waliosinzia walisinzia, waliozimia walipepewa kwa madaftari. Jina likabadilika, sasa lilikuwa Oveni, na utani ukazagaa kila kona. "Leo unaokwa saa ngapi?" "Nimeshaiva upande mmoja, naenda kugeuzwa kipindi cha pili." Wahadhiri walioupinga mradi tangu mwanzo sasa walikuwa na la kusema, nao walilisema kwa sauti kubwa mezani kwenye mkahawa. Msichana aliyewahi kuvua viatu mbele ya bodi ya chuo! Miti na matundu! Tulisema.

Mama Kioo mwenyewe alikuwa akilowa jasho hadi kwenye kilemba. Je, hakujua? Kuna kujua ambako mtu anakugeuzia mgongo, kama unavyoweza kumwona mdai wako kwenye umati na shingo ikakakamaa yenyewe upande wa pili. Alijua kwa namna hiyo.

Alasiri moja alimkuta mwalimu katikati ya jengo, chini ya lile bomba la hewa, peku, ameshika kijiti cha udi kinachofuka. Moshi ulipanda kidogo, ukasita, ukaanza kutandaa usawa wa kichwa chake kama mtu asiyejua njia ya kutokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wafukiza mashetani?"

Mwalimu alitabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni. "Natamani yangekuwa mashetani. Moshi huu ulipaswa kupanda mpaka juu, mama. Haupandi. Hesabu zangu nimezirudia hadi naziota. Sijui nimekosea wapi." Aligeuka akatazama ukuta, akainama mbele ya tundu moja. Nyuma ya papi palikuwa na giza. "Mama, haya matundu ya chini hayajaguswa? Yako wazi yote?"

Jibu lilikuwa jepesi sana. Lingechukua pumzi moja. Mama Kioo aliona papo hapo uso wa profesa, kidole kimeinuliwa. Akawaona vijana wake wa usafi wakicheka. Akamwona Meneja wa Majengo akimwita ofisini, yeye mwenye nywele nyeupe, aulizwe kama mtoto aliyemwaga maziwa.

"Yako kama ulivyoyaacha, mwanangu."

"Asante." Mwalimu alinyoosha mgongo. Hakuyakagua. Neno la Mama Kioo lilimtosha. Akauzima udi kwa vidole, akavaa viatu vyake, akasema, kama anayejisemea, "Basi ni mimi."

Jioni ile nyumbani Mama Kioo alikaa mbele ya sahani bila kuigusa. Mumewe, dereva mstaafu aliyependa kuongea mdomo umejaa, alimtazama.

"Mama watoto, chakula ni cha kula. Mbona unakitazama kama picha?"

"Joto."

"Joto la huko kwenye oveni yenu? Nasikia wanaleta viyoyozi. Afadhali. Yule binti aliyelichora wangemkata mshahara, anacheza na hela za watu."

"Usimseme mtoto wa mwenzio!"

Ilimtoka kwa ukali hata tonge la mumewe likasimama njiani. "Haya, yaishe," alisema. "Ndugu yako kwani?"

Mama Kioo alitoa vyombo, akaviosha, akavisugua mpaka vikalia, na alipoona uso wake ndani ya sufuria akaigeuza.

Uamuzi ulitoka haraka kuliko mambo ya chuoni yanavyotoka kwa kawaida. Viyoyozi vingefungwa jengo zima. Mashine zake za nje na jenereta la kuziendesha zilitaka mahali pa kukaa, na mahali pekee palipofaa, alisema Meneja wa Majengo, ni pale ukuta ulipopinda. Mkuyu ungeondoka. Mwalimu alikuwapo kikaoni. Waliokuwapo walisimulia kwamba hakubisha; alisimama tu akasema kosa ni la kwake, mahesabu yake hayakuwa sahihi, na anawaomba radhi wote walioteseka. Mmoja wa wahadhiri alimwigiza mkahawani, mikono nyuma, kichwa chini, na meza ikacheka. Mama Kioo alikuwa akifuta meza ya jirani. Tambara lilizunguka mahali pamoja mpaka mtu akamwambia mama, hapo pameshatakata.

Alijipangia mpango. Angerudi jioni akazichomoa sponji kimya kimya, jengo lingepoa lenyewe, watu wangesema ni hali ya hewa, na hakuna ambaye angeaibika. Mpango ulimpendeza kwa saa nzima. Halafu akaona kilichomo ndani yake: mwalimu angebaki ni mtu aliyekosea, na angeamini hivyo mpaka kufa kwake. Hata hivyo hakuenda kusema. Alijiambia atasema kesho, watu wakipoa.

Kesho yake msumeno wa mashine ulianza kunguruma mapema. Waliokodiwa walianzia juu, wakishusha tawi moja moja kwa kamba, na kila tawi lilipogusa ardhi sakafu ya Mama Kioo ilitetemeka. Alipiga deki korido ile ile mara nyingi. Akajiambia wakimaliza upande huu watapumzika, nitakwenda. Walipumzika, wakanywa chai, wakaendelea. Jua likaingia kwenye madirisha ambayo halikuwahi kuyaingia, likalala sakafuni, jeupe, likionyesha jinsi sakafu inavyong'aa.

Ndipo miguu ikamwondoa. Hakugonga mlango wa mwalimu, alisukuma. Mwalimu alikuwa amekaa ameupa dirisha mgongo, vidole vimeziba masikio.

"Mwalimu, niliyaziba mimi."

"Nini, mama?"

"Matundu. Niliyaziba kwa sponji. Kwa sababu ya vumbi. Na uliponiuliza nilikudanganya."

Mwalimu aliishusha mikono mezani. Hakuinua sauti. Aliuliza swali moja tu: "Siku ile niliyowaeleza, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikaa nyuma. Nilikufanyia mzaha."

Laiti angemtukana. Mwalimu alisimama, akatoka peku kama alivyo, akapiga magoti kwenye tundu la kwanza la korido, akaingiza vidole kati ya papi na kuvuta. Sponji ilitoka na kitambaa chake cheusi, mishono midogo midogo iliyonyooka. Aliigeuza mkononi. "Umeshona vizuri," alisema. Kisha akakimbia kuelekea kwenye msumeno.

Mama Kioo alizichomoa sponji zilizobaki peke yake. Alipofika chumba cha mwisho alihisi kitu kinampitia vifundoni, kibaridi, kama maji. Karatasi iliyokuwa kwenye ubao wa matangazo karibu na bomba la hewa ilikuwa imeanza kucheza.

Msumeno ulinyamaza. Lakini mkuyu ulikuwa umeshabaki kigogo kisicho na mkono hata mmoja, na aliyekuwa juu yake alisema hakiwezi kuachwa hivyo, kitawaangukia watu. Wakakimalizia alasiri.

Siku chache baadaye Meneja wa Majengo aliwaita wafanyakazi na wahadhiri ukumbini. Jengo lilikuwa limepoa. Viyoyozi vilikuwa vimeahirishwa. Meneja alikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu kuulizwa maswali. Alieleza kwamba tatizo halikuwa la michoro, kwamba matundu yalikuwa yameziba, na kwamba kuna mtu wa kushukuriwa.

"Jamani, tunajisifu na digrii zetu, kumbe aliyegundua ni Mama Kioo wetu! Njoo mbele, mama, watu wakuone."

Makofi yakalipuka. Mama Kioo alimtafuta mwalimu kwa macho. Alikuwa pembeni, anatazama mikono yake. Akaelewa: mwalimu alikuwa amesema ni mhudumu wa usafi aliyeyazibua matundu, basi, na hakusema zaidi, ili asimharibie uzeeni. Alimsitiri. Na meneja, kwa kushona hiki na kile, akamvisha kilemba cha ukoka mbele ya chuo kizima. Profesa wa historia alikuwa akipiga makofi kuliko wote.

"Hotuba!" mtu alipiga kelele nyuma, kwenye safu ile ile aliyokaa yeye siku ile. "Kioo, sema neno!"

Alifika mbele. Kijasho chembamba kilimtiririka mgongoni, na jengo lilikuwa la baridi.

"Nashukuru kwa makofi," alisema, "lakini si yangu. Sikuyagundua. Niliyaziba mwenyewe, kwa mkono wangu, sakafu yangu isichafuke. Mwalimu aliniuliza, nikamwambia yako wazi. Akasimama kikaoni akawaomba radhi kwa kosa langu, na mimi nasikia mkimcheka, nafuta meza. Na mti umekatwa nasikiliza."

Hakuna aliyejua aweke wapi mikono. Meneja alikohoa. Mama Kioo alisubiri ardhi ipasuke. Haikupasuka, ilimlazimu kutembea mpaka kwenye kiti chake, na viatu vyake vya mpira vililia kwenye ile sakafu safi hatua kwa hatua.

Meneja hakumsamehe; si kwa kuziba matundu, bali kwa kumfanya kichekesho mbele za watu. Usimamizi ukapewa msichana ambaye Mama Kioo mwenyewe alimfundisha kukamua tambara. Msichana yule anampa kazi kwa aibu, akimwambia "mama, kama hutajali," na Mama Kioo hujibu "sawa, bosi," wakakwepana macho. Nyumbani mumewe aliposikia habari yote aliacha kula hadi chakula kikapoa. Kisha akasema, "Kumbe siku ile ulimtetea kwa sababu," na hakulizungumzia tena.

Kocha ndiye pekee aliyemwambia usoni. Alimkuta amesimama kwenye kisiki, pale ukuta unapopinda kukwepa mti ambao haupo.

"Umenitolea mchezaji wangu bora kwa kadi nyekundu," alisema, "na faulo ulicheza wewe."

"Najua."

"Vyumba vya upande huu havitapoa kama vya kule. Kivuli hakiagizwi dukani." Akachokonoa gome kwa ncha ya panga. "Mkuyu una ubishi. Huenda ukachipua. Huenda ukakataa. Kama unataka kusaidia, maji ya kupigia deki usimwage chooni. Yasiyo na dawa, lete hapa."

Akawa analeta. Kila siku baada ya kazi hubeba ndoo, akamimina taratibu kuzunguka kisiki, akingoja ardhi inywe. Hajaona chipukizi. Wanafunzi wapya hupita, hawajui habari zake, humwuliza mama unamwagilia nini hapo, naye huwaambia, "Namwagilia tu."

Mwalimu humwamkia kila asubuhi. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Ni salamu ile ile, sauti ile ile, ila zamani alikuwa akisimama. Sasa anapita. Na kila mara akipita huinama kidogo bila kupunguza mwendo, akachungulia nyuma ya papi za mbao kwa macho yake mwenyewe. Mama Kioo huegemea fimbo ya deki, akangoja amalize kuangalia.